Mke Wangu Niliyemwita Dada

Mke wangu Tatu amenipa ruhusa ya kuandika haya kwa masharti. Kwanza, nisimfanye kichekesho. Pili, nisimfanye malaika. La tatu alilisema akielekea jikoni, bila kugeuka: kuna jambo moja alilolifanya barabarani siku ile, hilo nisiliandike kabisa. Sitaliandika. Yaliyobaki nayaandika kwa ajili ya mtu ambaye hivi sasa amefunga mlango wa chumba chake, anamsikiliza mwenzake akizungumza na asiyekuwepo, na anaona haya hata kumwambia jirani.

Mimi ni seremala, mzaliwa wa Tabora mjini. Baba yangu alikuwa seremala na karakana ni yake. Tatu ni wa Puge, upande wa Nzega. Nilimwoa akanifuata mjini, akaweka cherehani barazani, akawa anashona sare za shule. Tunaishi nyumba moja na mama yangu. Mtoto hatujajaliwa. Tatu alikuwa mtu wa maneno machache, ndiyo maana alipoanza kuzungumza sana, mwanzoni nilifurahi.

Ilikuwa mwisho wa kiangazi, lile joto la kabla ya mvua linalofanya mbao zipasuke zenyewe. Tatu akawa anaamka kabla ya adhana, anashona, anaimba, anafagia uwanja ambao ameshaufagia. Baadaye akawa halali kabisa. Akaanza kugawa vitu. Vitambaa vya wateja aliwapa watoto waliokuwa wanapita, na sufuria za mama akawapelekea majirani akisema ameagizwa. Nilipomuuliza ameagizwa na nani, alinitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyeachwa nyuma na mambo.

Asubuhi moja nilikuwa karakanani, jirani akaja mbio kuniita. Tatu alikuwa amesimama katikati ya barabara bila mtandio, anasimamisha bajaji na kuwaeleza abiria siri za maisha yao. Watu walikuwa wamejaa. Wengi walikuwa na simu mkononi, wanapiga picha. Nilijaribu kumshika mkono akanisukuma nikaanguka, na kuna waliocheka. Wazee wawili wakasema afungwe kabla hajagongwa na gari, wakauliza nani ana kamba.

Kamba ilikuwa karakanani kwangu, ya katani, ile ninayofungia makabati yakisafirishwa. Niliifuata mwenyewe. Nilisaidia kufunga. Tatu aliacha kupigana, akanitazama, akaniuliza kwa sauti yake ya kawaida kabisa, ile ya kuulizia chumvi:

"Swedi, unanifunga mimi?"

Nilikaza fundo. Hata leo sijampa jibu.

Hospitalini tulikalishwa kwenye benchi la nje. Waliokuwa na watoto wenye homa waliwahamisha watoto wao upande wa pili. Tatu alikuwa anaimba nyimbo za harusi, na nilijifanya sisikii, kama mtu aliyekaa naye kwa bahati tu. Akapita mteja wangu mmoja, mwalimu niliyemtengenezea kitanda. Niliinama nikajifanya nafunga kamba za viatu. Miguuni nilikuwa nimevaa kandambili. Nadhani aliniona, maana alipunguza mwendo, kisha akaendelea na safari yake.

Wakampiga sindano, akalala, akalazwa. Mvua za kwanza zilinyesha akiwa huko. Kila jioni nilimpelekea uji na kukaa naye. Nilikuwa nikizungukia mlango wa nyuma, ule unaotokea jikoni, ili nisionekane nikiingia jengo la wagonjwa wa akili.

Aliporudi nyumbani mahindi ya watu yalikuwa yameshaota viwanjani. Dawa zilikuwa zimemfanya mtu mwingine. Uso ulimvimba, gauni za zamani hazikumwingia. Mate yalimtoka akilala, akawa anaficha mto asubuhi ili nisiuone. Alitembea kama anayevuka maji. Lililomuumiza zaidi ni mikono. Ilitetemeka hata akawa hawezi kutunga uzi kwenye sindano. Alikuwa anakaa mbele ya cherehani asubuhi nzima, anajaribu, anaacha, anajaribu. Siku moja nilimkuta mama yangu ameketi karibu naye, amevaa miwani, anatunga nyuzi kwenye sindano moja baada ya nyingine na kuzichomeka kwenye kipande cha sponji.

Namtaja mama kwa hilo kwa sababu kabla ya hapo alikuwa ameshikilia kwamba ni jini, na kwamba dawa za hospitali zinalikasirisha. Kaka yangu anayefanya biashara ya mpunga Igunga yeye hakutaja jini. Alikuja, akala, akaniita pembeni, akasema nimrudishe kwao Puge kwa heshima. Bado nilikuwa kijana, alisema, ningepata mwingine wa kunizalia. Alisema taratibu, lakini dirisha lilikuwa wazi, na Tatu alikuwa ndani. Nilimjibu kaka kwamba nitafikiria. Nilitakiwa kusema hapana, nikasema nitafikiria.

Kwa watu wa nje nilisema Tatu ana presha. Presha ni ugonjwa wa heshima. Ukiutaja, watu wanakupa pole na kukutajia presha ya shangazi yao, mazungumzo yanaisha salama. Huko Puge kwa wakwe sikwenda kabisa. Nilipiga simu, nikasema mtoto wenu anaendelea vizuri, nikasingizia mtandao, nikakata.

Siku moja, mvua imenizuia karakanani, nilichukua simu nikaandika mtandaoni vile vile ninavyosema: mke wangu alikuwa anaongea sana sasa haongei kabisa. Waliotokea kwanza ni waganga na wauza mafusho. Nikaendelea kushuka, nikakuta mahali mwanamke mmoja ameuliza habari za mume wake, kwa maneno ambayo yangeweza kuwa yangu. Chini yake mtu akamjibu kwamba wako watu wanaouguza ndugu na wenza wao, wana grupu kwenye simu, aweke namba aunganishwe. Niliweka namba yangu. Nikaifuta. Nikaiweka tena.

Kiongozi wa grupu alikuwa mama wa Dodoma. Alinikaribisha, akaniuliza ninamuuguza nani. Nikaandika: dada yangu.

Sikupanga kusema hivyo. Lakini kaka anayemuuguza dada yake watu wanamwonea huruma. Mume wa mwanamke aliyeshikwa barabarani bila mtandio wanamwuliza alimfanyia nini. Jina langu pia niliweka la uongo. Niliona nimejificha vizuri.

Katika grupu lile sikukutana na daktari wala sheikh. Walikuwa watu tu. Asubuhi walisalimiana kama majirani wanaofungua milango. Mmoja anasema leo mume wangu ameoga, wote wanamshukuru Mungu. Mwingine anasema leo amenitukana mbele ya wanangu, wanampa pole na hawamfundishi kitu. Nilinunua vipokea sauti vya kuweka masikioni, nikawa napiga randa huku nawasikiliza. Dereva mmoja wa malori kutoka Kahama alikuwa na mke anayeumwa kama Tatu, na ujumbe wake wa sauti ulikuwa na ngurumo za injini nyuma. Ndiye aliyeniambia niache kumwuliza mgonjwa anafikiria nini, nimwulize kama amekula. Aliniambia pia kwamba akikaa sakafuni, nami nikae sakafuni. Nilijaribu. Tatu alinitazama nimekaa kwenye sakafu ya chumba chetu, magoti juu, akaniuliza kama nimepoteza msumari. Lilikuwa swali lake la kwanza kwangu tangu atoke hospitali.

Siku nyingine mama wa Dodoma alisimulia jinsi mumewe, alipokuwa amepanda juu, yaani ugonjwa umemchangamsha kupita kiasi, alivyoleta nyumbani kundi la mbuzi na kuwapa wote jina moja. Watu wakacheka, naye akacheka zaidi. Nami nilicheka peke yangu karakanani, kisha nikaona haya, nikatazama mlangoni kama kuna aliyeniona.

Haukupita muda mrefu nikapata ujumbe wa pembeni, si wa kwenye grupu. Uliandikwa: "Fundi, ni mimi Mama Farhana wa duka la vitambaa. Nimeona namba yako. Usiogope."

Mama Farhana ni mwenye duka, wa ukoo wa Kihindi uliokaa hapa mjini tangu enzi za babu zake. Tatu alinunua vitambaa vya sare kwake, nami nilikuwa nimemtengenezea rafu. Namba yangu ilikuwa kwenye simu yake, imeandikwa Fundi Swedi, kwa hiyo jina la uongo nililoliweka halikunifaa kitu. Alikuwa ananiona tangu siku ya kwanza. Na alijua sina dada.

Nilijitoa kwenye grupu saa hiyo hiyo. Kesho yake aliingia karakanani akiwa na kiti kibovu, akaketi juu ya rundo la mbao akisubiri mteja aliyekuwepo aondoke. Mjini tulikuwa tunajua kwamba mumewe, Bwana Farid, alihamia kwa watoto wao Dar es Salaam. Tulikuwa tunajua hivyo kwa miaka.

"Hajaenda Dar," alisema. "Yuko juu, ghorofani. Asubuhi nampandishia chai, ndipo nafungua duka."

Nilisema pole.

"Wewe umesema dada, mimi nimesema Dar," akaendelea. "Sikuja kukusema, fundi. Nimekuja kukuomba urudi. Katika mji huu mzima sina mtu mwingine wa kumwambia."

Nilimtengenezea kile kiti, nikarudi kwenye grupu. Lakini sikurekebisha lile neno dada. Naye alinitunzia siri.

Mvua zikielekea mwisho, mwezi wa Ramadhani ukaandama. Kliniki walishasema Tatu asifunge, kwa sababu dawa zake zinataka anywe maji mchana. Yeye hakuweza kuvumilia kula mchana ndani ya nyumba ya mama mkwe wake. Akafunga kimya kimya, na ili afunge akaacha vidonge vya mchana, kisha vyote. Nilikuja kujua nilipomsikia ameanza tena kuimba alfajiri.

Niliandika kwenye grupu saa ile ile. Walinijibu wengi. Sikumbuki kila neno, ila dereva wa Kahama aliuliza nani ndani ya nyumba anayemwogopesha, kwa sababu huyo ndiye wa kuzungumza naye, si mgonjwa. Nikajua ni mama, nikajua pia sijawahi kumwambia mama ukweli wote wa kliniki, kwa kuona aibu kulitamka jina la ugonjwa mbele yake. Nilimwendea sheikh wa mtaani kwetu kwanza, akanijibu kwa ufupi kwamba mgonjwa ameshasamehewa na Aliyeiweka funga, na mimi ni nani wa kukataa. Ndipo nikaenda kwa mama. Nilimwambia ugonjwa ni wa akili, unaitwa hivi, utakuwa naye labda maisha yote, na akiacha dawa tutamfunga tena kamba. Mama alisikiliza akiwa anachambua mchele.

Adhuhuri ya siku iliyofuata, yeye mwenyewe amefunga, alipika uji wa mtama, akaufunika kwa kawa, akapita nao uani mbele ya wapangaji wetu waliokuwa wamekaa kivulini. Akaingia chumbani kwa Tatu, akasimama mpaka bakuli likaisha na vidonge vikamezwa. Alifanya hivyo kila siku mpaka Idi. Mpangaji mmoja alipouliza nani hafungi, mama alimjibu kwamba ana mgonjwa, basi.

Tatu alitulia bila kurudi wodini. Naamini waliomwokoa ni grupu lile na mama, na Mungu kabla yao.

Baada ya Idi, asubuhi za baridi zimeanza, niliacha simu nyumbani ikichaji nikaenda kuswali alasiri. Niliporudi nilisikia sauti yangu mwenyewe kutoka chumbani. Tatu alikuwa amekaa kwenye mkeka, simu mapajani, anasikiliza ujumbe mmoja baada ya mwingine. Hakustuka nilipoingia.

"Huyu dada yako anaumwa sana," alisema.

Nilibaki mlangoni.

"Nimesoma yote. Ya kamba umeyasema. Ya mate umeyasema. Hata ya siku niliyoshindwa kufika chooni." Alizungumza polepole, kwa sababu dawa zilimfanya achague maneno. "Sijakasirika kwa hayo, Swedi. Ni kweli yalitokea, na hao watu wamekusaidia kunisaidia. Nilikuwa natafuta neno mke. Nimetafuta tangu juu mpaka chini. Halipo."

Nilianza kueleza. Nikasema habari za heshima yake, kwamba nilitaka kumficha yeye. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanirudishia simu, akachukua mto wake, akaenda kulala chumbani kwa mama.

Alilala huko siku nyingi. Mama hakuniuliza kitu, lakini alikuwa ananiwekea chakula na kuondoka, hakai. Nilijaribu kumpelekea Tatu zawadi ya kitenge, akanishukuru na kukiweka. Mwishowe nilikaa karakanani nikaandika kwenye grupu: "Ninayemwita dada ni mke wangu. Nilimwonea haya. Nimewadanganya ninyi na nimemuumiza yeye. Samahanini."

Nilipiga randa ubao mzima. Kisha dereva wa Kahama akatuma sauti, injini ikinguruma, akasema yeye alipoanza alisema ni shemeji yake. Mama Farhana akaandika kwamba mumewe hayuko Dar, na watu wa Dodoma na Kahama wasiojua habari za Dar hawakuelewa, ila mimi nilielewa. Lakini si wote waliopokea hivyo. Mama mmoja alikuwa amesimulia mambo ya ndani ya ndoa yake akiamini mimi ni kaka tu, si mume wa mgonjwa. Alisema nimemsikiliza nikiwa nimejifunika uso. Akajitoa, hakurudi. Alikuwa na haki, na nikimkumbuka uso unaniwaka.

Tatu sikumwonyesha nilichoandika. Sijui kama aliona. Baadaye, siku ambayo sikuitegemea, nilimkuta amerudi chumbani kwetu anatandika. Nilisimama nikingoja atakachosema.

"Mama anakoroma," alisema.

Tangu hapo tuna utaratibu. Chochote ninachotaka kuandika juu yake, anasoma kwanza. Mengine anayakata. Mara moja moja anaongeza. Dereva wa Kahama alipolalamika kwamba mkewe anakataa dawa, Tatu alinipokonya simu akamwandikia asimwulize kuhusu vidonge mbele ya watoto, kwa sababu humfanya ajione naye ni mtoto. Dereva alishukuru, akauliza ni nani anayeandika. Tatu akajibu, "Mke."

Wewe unayesoma, kama bado unamficha mwenzako, sikuhukumu. Tafuta watu hao. Wapo, hata wasio na nauli ya kukufikia wanafika kwa simu. Angalia tu usiingie ukiwa umejifunika, maana utakayemfunika ni yule unayemuuguza. Na usidhani haya itaondoka siku moja kama homa. Juzi tu mteja aliniuliza hali ya nyumbani, nikasikia mdomo wangu unasema presha inaendelea vizuri. Nikamwita arudi nimweleze, lakini alikuwa ameshawasha pikipiki.

Wiki iliyopita Tatu alisema anataka kwenda Puge kwa mama yake, peke yake. Uvimbe umepungua, mikono inatetemeka kidogo tu, na alikuwa amemshonea mama yake gauni. Nilimsindikiza stendi. Alipokwisha kukaa dirishani nilimsogelea kondakta nimnong'oneze amwangalie, kwamba si mzima sana. Tatu aliniona, akashusha kioo.

"Usimwambie kitu," alisema. "Mimi ni abiria."

Basi likaondoka. Nilirudi karakanani, nikaharibu mguu wa meza nzuri ya mninga kwa kukata huku natazama simu. Mchana ikaita.

"Nimefika," alisema. "Mama anauliza mkwe wake yuko wapi."

"Umemjibuje?"

"Nimemwambia unaogopa kumtazama usoni tangu siku ya kamba."

Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu akisukuma baiskeli. Nikamwuliza mama amesemaje.

"Anasema Alhamisi uje unichukue mwenyewe. Usimtume mtu, na usipige simu."

Nilisema nitakuja.

Leo ni Jumatano. Shati langu limepigwa pasi, na tiketi nimekata. Najua nitamwamkia mama mkwe shikamoo. Neno la pili bado sijalipata.